Shimo Namba 6: Kisa cha Rock Springs, 1885

Oktoba 1885, katika mji mdogo wa Green River huko Wyoming, jopo la raia lilikaa kuamua kama yupo mtu wa kushtakiwa kwa vifo vya Wachina 28. Watu hao walikuwa wameuawa mwezi mmoja nyuma, mchana kweupe, katika mji jirani wa Rock Springs. Jopo likaita mashahidi, likasikiliza, kisha likatoa taarifa kwamba ingawa limehoji watu wengi, hakuna hata mmoja aliyeweza kushuhudia tendo moja la jinai lililofanywa siku ile na mzungu yeyote anayejulikana. Watu 16 waliokuwa wamekamatwa wakarudi kwao na kupokewa kwa shangwe.

Neno la kuliangalia hapo ni "anayejulikana". Rock Springs ilikuwa na wachimbaji mia kadhaa tu, watu walioshuka mashimo yaleyale kila asubuhi. Wachina walionusurika waliwataja hata wanawake wa Kizungu waliokuwa wakiwafundisha Kiingereza: waliwaona wakipekua mali iliyoachwa, wakitafuta leso na vitu vinginevyo. Mtu aliyekufundisha kusoma, sura yake huwezi kuisahau.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi juu ya mauaji haya ni mepesi. Wachina walikubali ujira wa kutupa, wazungu wakakosa riziki, hasira zikapasuka. Ipo miji ya Magharibi ya Marekani ambako maelezo hayo yana uzito, lakini kwa Rock Springs hayasimami. Tarehe 18 Septemba, wiki mbili na ushei baada ya mauaji, Wachina 559 walitia saini waraka kwa konsuli wao wa New York, na katika aya za mwanzo kabisa wanasema waajiri walikuwa wakiwalipa wao na wazungu sawasawa. Mtu anaweza kujibu kwamba bado walikuwa wanakula kwa mkono wa kampuni ileile, kwa hiyo walipima maneno. Haya, tukubali. Lakini waraka huohuo unasema jambo jingine ambalo halikuwa na faida kwao kulitunga: kwamba mara kadhaa wazungu waliwafuata na kuwaomba waungane nao kudai nyongeza kwa wote, na kampuni ikikataa, wagome pamoja. Wachina wakakataa. Hapo, wanasema, ndipo chuki ilipoanzia.

Mtu anayekuharibia bei humwombi mgome naye mpate nyongeza pamoja. Unamwomba mtu ambaye bila yeye mgomo wako hauna nguvu. Kwa hiyo swali la kisa hiki kwangu ni hilo: ilikuwaje mgomo wa wazungu wa Rock Springs ukawa mikononi mwa Wachina, na kwa nini Wachina hawakuutaka?

Makaa ya reli

Tarehe 10 Mei 1869, pale Promontory Summit katika Utah, reli iliyotoka mashariki ilikutana na iliyotoka magharibi. Upande wa magharibi kampuni ya Central Pacific ilijenga kwa mikono ya maelfu ya Wachina, waliopasua milima ya Sierra Nevada kwa baruti na sururu. Upande wa mashariki Union Pacific ilitegemea zaidi Waayalandi. Reli ikiisha kujengwa inahitaji kulishwa kila siku, na chakula chake kilikuwa makaa ya mawe. Union Pacific ilikuwa na bahati: njia yake ilipita kusini mwa Wyoming, juu ya makaa mengi mazuri, na Rock Springs ikawa miongoni mwa migodi yake mikubwa.

Mchimbaji wa huko hakulipwa kwa siku. Alilipwa kwa uzito wa makaa aliyotoa. Ndani ya shimo alipewa "chumba", sehemu yake ya kuchimba, na chumba chenye makaa laini na mazito kilikuwa pesa; chenye mawe kilikuwa njaa. Nyapara ndiye aliyegawa vyumba. Tulishike hili, maana damu ya kwanza itamwagika kwa ajili ya chumba.

Mwaka 1871 wachimbaji waligoma, na kampuni ikaleta wahamiaji kutoka Skandinavia kuchukua nafasi zao. Mwaka 1875 malipo yakapunguzwa, watu wakagoma tena. Safari hii kampuni haikungoja. Kabla wiki mbili hazijaisha ilikuwa imeleta Wachina 150 kupitia madalali wa vibarua, kampuni ya Beckwith, Quinn, na kazi ikaanza upya na Wachina hao 150 pamoja na wazungu 50 tu waliorudishwa.

Mia moja na hamsini kwa hamsini. Ndicho kiini cha kisa kizima, na hakikutokea kwa bahati mbaya. Kampuni iliyotaka tu kazi rahisi ingewaondoa wazungu wote. Kampuni iliyotaka amani na chama cha wafanyakazi ingewarudisha wote. Hii iliwabakiza wazungu wachache kiasi kwamba wakigoma makaa yanaendelea kutoka, na ikawaweka Wachina katikati kama ukuta. Miaka kumi baadaye, 1885, uwiano ulikuwa haujabadilika sana: Wachina 331, wazungu 150.

Ukuta ulifanya kazi yake. Mwaka 1884 mafundi wa karakana za Union Pacific kule Denver waligoma na kampuni ikasalimu amri. Mgomo ule ulikipa nguvu chama cha Knights of Labor katika Magharibi yote. Wachimbaji wa Rock Springs walikuwa na tawi la chama hichohicho, wakisoma habari za ushindi wa wenzao, lakini wao wenyewe hawakuwa na cha kugomea. Wangetoka shimoni leo, kesho treni zingetembea kama kawaida.

Sasa upande wa Wachina. Wengi wamewalaumu kwa kukataa ule mgomo, nami nilipousoma waraka wao mara ya kwanza nilikunja uso kidogo. Lakini hebu tuone walichoombwa kukiweka rehani. Nyumba walizolala nyingi zilikuwa za kampuni. Kazi waliipata kwa dalali. Uraia hawakuruhusiwa kuupata: sheria ya Marekani iliwaruhusu wazungu na, tangu 1870, watu wenye asili ya Afrika, sheria ya 1882 ikazikataza mahakama waziwazi kumpa Mchina uraia. Bila uraia hakuna kura, na bila kura hakuna mbunge wala mkuu wa polisi anayehofia kukuudhi. Na chama chenyewe kilichowaomba wagome, Knights of Labor, kilichojivunia kupokea wanawake na weusi wakati vyama vingine viliwafungia mlango, hakikumpokea Mchina. Waliombwa wagome bega kwa bega na watu ambao hawakutaka kukaa nao kwenye benchi moja ukumbini.

Wahenga wetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukishampa jembe, naye ni mtu wa nyumbani. Rock Springs mgeni alipewa sururu siku ya kwanza kabisa, lakini ile siku ya kuitwa mwenyeji haikufika.

Siasa za kura chache

Wenyeji wenyewe, ukiwatazama vizuri, walikuwa wenyeji wa juzi. Wachimbaji wa Kizungu wa Rock Springs wengi wao walizaliwa Wales, Uingereza, Ayalandi au Skandinavia. Denis Kearney, aliyeanzisha kelele za "Wachina watoke" katika San Francisco mwaka 1877, alizaliwa Ayalandi. Samuel Gompers, aliyekuja kuongoza shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi na kupinga Waasia maisha yake yote, alizaliwa London.

Sensa ya 1880 ilihesabu Wachina 105,465 katika nchi ya watu milioni 50. Hata mmoja katika mia hawakufika. Jambo dogo hivi lilipandaje hadi Ikulu? Jibu liko kwenye hesabu za kura. Uchaguzi wa rais wa miaka ile ulikuwa unaamuliwa kwa unywele. Mwaka 1880, wiki mbili hivi kabla ya kupiga kura, gazeti moja lilichapa barua iliyodaiwa kuandikwa na mgombea wa Republican, James Garfield, akiunga mkono kuingizwa kwa Wachina. Barua ilikuwa ya kughushi. Garfield alishinda urais, kura zake zikizidi za mpinzani kwa chini ya 10,000 nchi nzima, lakini California aliipoteza kwa kura zisizofika 150. Baada ya hapo hakuna mwanasiasa wa chama chochote aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Bunge likapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kwa miaka 20. Rais Chester Arthur akaikataa, si kwa sababu ya msingi wake bali hasa kwa urefu wake na mkataba uliokuwepo na China. Ilipoletwa tena ikiwa ya miaka 10 akaitia saini, tarehe 6 Mei 1882. Ilikuwa mara ya kwanza Marekani kumfungia mlango mfanyakazi kwa kumtaja taifa lake.

Sheria ile ilifanya kosa ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Iliwatangaza Wachina kuwa watu wasiotakiwa, kisha ikawaacha palepale walipokuwa. Serikali ilikuwa imeshasema kwa sauti rasmi kwamba hawa hawafai. Kilichobaki ni nani atakayewaondoa. Katika mji mmoja baada ya mwingine, watu walijibu swali hilo wenyewe. Agosti 1885 matangazo yalibandikwa kandokando ya reli, kuanzia Evanston hadi Rock Springs, yakitaka Wachina waondoke.

Jumatano, 2 Septemba

Usiku wa kuamkia siku hiyo kengele ya ukumbi wa chama cha wazungu ililia kuita mkutano. Wachina waliisikia. Walisikia pia uvumi wa vitisho, lakini vitisho walishavizoea.

Saa moja asubuhi na dakika kidogo, wazungu zaidi ya kumi waliingia Shimo Namba 6. Ugomvi ulikuwa juu ya chumba: Wachina wawili walikutwa wakichimba mahali ambapo mzungu mmoja alisema ni pake. Maneno yakawa machache, vyombo vya kazi vikawa silaha. Wachina watatu waliumizwa. Nyapara akasimamisha kazi.

Ugomvi wa chumba ulikuwa jambo la kila mwezi migodini. Nyapara anaitwa, chumba kinagawiwa upya, watu wanarudi kazini wakinung'unika. Siku ile wazungu hawakurudi. Walipanda juu, wakachukua bunduki, wakafuata reli hadi mtaa wao. Kabla ya saa nne asubuhi kengele ya ukumbi ikalia tena. Wakakutana, wakatoka, wakajaa kwenye vilabu vya pombe, na kundi likazidi kukua.

Kutoka saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Saa hizo nne ndizo zinazonikera kuliko zote katika kisa hiki. Hasira ya ghafla haikai saa nne ikingoja. Wangeweza kulewa wakatawanyika, na huenda wapo waliofanya hivyo. Waliobaki, inavyoonyesha namna walivyopangana, walikuwa wamekubaliana jambo.

Saa nane walitoka katika makundi mawili. Moja lilielekea mtaa wa Wachina kwa daraja la mbao juu ya kijito cha Bitter Creek, jingine, kubwa zaidi, kwa daraja la reli. Lile kubwa likajigawa tena: wengine wakashika ncha za daraja, wengine wakapanda kilima nyuma ya Shimo Namba 3, wengine wakasimama kwenye banda la makaa na nyumba ya pampu. Nyumba ya pampu ndiyo iliyofyatua risasi ya kwanza. Tazama mpangilio huo: madaraja yote yameshikwa, kilima kimeshikwa. Walikuwa wameuzingira mtaa.

Wachina walipokimbia walisimamishwa, wakaulizwa kama wana bastola, wakapekuliwa. Saa ya mfukoni, dhahabu, fedha, vyote vikachukuliwa. Mmoja aliachwa aende, wa pili alipigwa kwa kitako cha bunduki kwanza, wa tatu alipigwa risasi. Waraka unawataja pia watu ambao hawakupiga wala kuiba: walisimama pembeni, wakacheka na kupiga makofi.

Kwenye ncha ya daraja la mbao, upande wa Wachina, walisimama wanawake wakishangilia, na wawili kati yao walifyatua risasi mfululizo. Wyoming ilikuwa mahali pa kwanza Marekani kumpa mwanamke haki ya kupiga kura, mwaka 1869, na wanahistoria huisifu kwa hilo mpaka leo. Nalitaja bila kujua la kulifanya.

Moto ulianza saa kumi jioni, ukaendelea mpaka baada ya saa tatu usiku. Nyumba 79 za Wachina ziliteketea. Maiti zingine zilibebwa na kutupwa ndani ya nyumba zinazoungua. Wagonjwa walioshindwa kukimbia waliungua wakiwa hai. Mchina mmoja aliuawa katika mtaa wa wazungu kwenyewe, ndani ya nyumba yake ya kufulia nguo. Alikuwa hachimbi makaa, hakuwahi kumnyang'anya mtu chumba. Waliokufa 28, waliojeruhiwa 15. Waliobaki walikimbilia vilimani na nguo za mwilini tu.

Treni ya kwenda San Francisco

Kampuni ya reli iliwapigia simu za maandishi makondakta wake: wakiona Wachina kandokando ya njia wawapakie. Walipelekwa Evanston, magharibi ya pale, mji ambao nao ulianza kutishia kuwachoma. Gavana Francis Warren alifika Rock Springs kwa treni siku iliyofuata. Wyoming wakati huo haikuwa jimbo kamili wala haikuwa na askari wake, hivyo Warren akaomba jeshi Washington. Rais Grover Cleveland, baada ya kusita kidogo, akalituma.

Hadi hapo unaweza kudhani dola imekuja kumlinda mnyonge. Endelea kusoma.

Wachina waliokuwa Evanston hawakutaka kurudi. Waliomba malipo yao waliyodai wapate nauli ya kuondoka, hawakuyapata. Tarehe 9 Septemba walipandishwa kwenye mabehewa ya mizigo, wakiamini wanapelekwa San Francisco. Askari walifuatana nao. Treni iliposimama na milango kufunguliwa, walikuwa Rock Springs. Mahali pa nyumba zao palikuwa majivu. Baadhi ya maiti zilikuwa zimezikwa na kampuni. Nyingine zilikuwa bado nje, zikiliwa na mbwa na nguruwe. Nyingine zilifukuliwa kutoka kwenye vifusi, zimeungua hata ndugu asimjue ndugu. Waraka unasema wengi hawakuwa tena na moyo wa kazi ya mgodi, lakini hawakuwa na senti mfukoni wala nguo ya pili. Kampuni iliwakopesha chakula na nguo, ikawapa mabehewa ya kulala, na wao wakawa wanaota ndoto za kutisha humo ndani huku askari wamewazunguka.

Rais wa Union Pacific alikuwa Charles Francis Adams, mjukuu wa rais mmoja wa Marekani na kitukuu wa mwingine. Aligoma kata kata kuwafukuza Wachina, na kampuni ikawafukuza wazungu 45. Wapo waliousoma msimamo huu kama ujasiri. Mimi naona mwenye punda akimlilia punda wake. Kama Adams angekubali kuwaondoa Wachina kwa sababu ya bunduki, ukuta wa 1875 ungeanguka, na mgomo unaofuata ungesimamisha treni. Jeshi lililokuja kulinda Wachina lililinda uwiano wa wafanyakazi uliopangwa miaka kumi nyuma. Kambi yake, Camp Pilot Butte, ilibaki mjini hapo mpaka 1899.

Chama nacho? Knights of Labor walikana kuhusika kama chama. Kiongozi wao mkuu, Terence Powderly, mwana wa wahamiaji kutoka Ayalandi, aliona kosa liko kwa serikali isiyoisimamia ipasavyo sheria ya 1882, ingeisimamia, yasingetokea. Kwa maneno mengine, tiba ya mauaji ni kuwazuia waliouawa wasije. Mwaka 1897 Rais McKinley alimteua Powderly kuwa mkuu wa uhamiaji wa nchi nzima, akaisimamia sheria hiyo mwenyewe.

Habari za Rock Springs zilienea upesi, na kwa kuwa hakuna aliyeadhibiwa, zilienea kama mwaliko. Novemba 3 mwaka huohuo, Tacoma iliwatoa Wachina wake wapatao 200 kwa siku moja, meya akiwa mstari wa mbele. Naye, Jacob Weisbach, alizaliwa Ujerumani. Februari 1886 ikawa zamu ya Seattle.

Dola 147,748 na senti 74

China ilidai haki. Balozi wake huko Washington, Zheng Zaoru, alikuwa amekwisha kutuma uchunguzi wake, konsuli wa New York na mwenzake wa San Francisco wakafika Rock Springs na kuhoji watu. Waziri wa Mambo ya Nje, Thomas Bayard, alijibu kwa hoja ambayo ni ya kisheria na pia ya ajabu: serikali ya Marekani haiwezi kubebeshwa lawama, kwa sababu pamoja na mengine, waliofanya mauaji nao walikuwa wageni kama waliouawa. Wachimbaji walewale waliopiga kura, waliokaa kwenye majopo, waliosema nchi ni yao, sasa wakawa wageni ilipofika zamu ya kulipa.

Hata hivyo Bunge lililipa, Februari 1887, kama hisani na si kama deni: dola 147,748 na senti 74. Ni jumla ya mali: vitanda, mablanketi, nguo, akiba iliyoachwa chini ya godoro, bidhaa za madukani, kila mtu na orodha yake. Ndiyo maana inaishia na senti. Maisha 28 hayakuwa na mstari katika hesabu hiyo.

Kizuizi cha miaka 10 kiliongezwa mwaka 1892, safari hii Wachina wakilazimishwa kubeba hati za ukaazi, kisha mwaka 1902 kikaachwa bila kikomo. Kilifutwa 1943, China ilipokuwa mshirika wa vita dhidi ya Japani, na nafasi walizopewa Wachina zilikuwa 105 kwa mwaka.

Kwa Rock Springs yenyewe kisa kina kipande kimoja zaidi. Mwaka 1907 chama cha wachimba makaa, United Mine Workers, kilikuja kuandikisha wanachama katika migodi ileile. Wachina walikuwa wamebaki wachache. Sasa kampuni ilikuwa na Wajapani kwa mamia. Waandikishaji walikaa wakapiga hesabu. Wakiwaacha Waasia nje, kampuni itaendelea kuchimba siku ya mgomo, kama ilivyofanya 1875. Wakamwomba rais wa chama, John Mitchell, ruhusa, naye akatoa. Wajapani na Wachina wakaingizwa chamani na kuwekwa kwenye mkataba mmoja na wazungu, kwa viwango vilevile vya malipo. Sioni ushahidi kwamba kuna mtu aliyeombwa msamaha.